Fimbo ya Shemeji Kona

Ndugu yangu uliyeoa, vuta kigoda tukae. Kama ukoo uliokupa mke ulikuongezea na shemeji, basi nusu ya habari hii unaijua tayari. Wangu namwita Kona, kwa sababu kila akiinama kwenye meza ya pool hunyoosha kidole na kutangaza, "Kona!", kisha mpira unaenda zake unakotaka.

Hapa Buwenge, kwenye barabara ya Jinja kwenda Kamuli, jioni haikosi kelele za mipira chini ya mabati. Siwalaumu vijana. Ligi ya taifa ya pool imewahi kudhaminiwa na Nile Special, bia inayopikwa Njeru, ng'ambo tu ya mto ukitoka Jinja. Binti yangu Kizza, tunayemwita Refa kwa jinsi anavyoamua ugomvi usiomhusu, anasema akikua atakuwa Rashida Mutesi, yule wa timu ya taifa. Kwa sasa kidevu chake bado hakijafika mezani.

Basi Kona alitumbukiza mweusi, na mweupe ukamfuata shimoni, mchezo ukawa umekwenda. Akapiga fimbo sakafuni kwa hasira, ikavunjika. Mwenye meza akamzuilia baiskeli. Baiskeli yenyewe ni yangu.

Mke wangu akaitisha kikao. Nilikuwa ndani ya nyumba lakini sikualikwa. Nililetewa maazimio tu. "Baba Waiswa, si unakereza miguu ya vitanda? Hiyo fimbo nayo ni mguu mrefu tu." Nikajua nimeshashindwa. Tangu tupate mapacha, Waiswa na Tenywa, huku Busoga mimi ni Isabirye na yeye ni Nabirye, vyeo vya heshima kabisa. Nilizaliwa Walukuba, mtaa wa wafanyakazi kule Jinja ambako kila kabila lilikutana kwenye Kiswahili, nikadhani cheo huja na mamlaka. Chake ndicho kilichokuja nayo.

Mwenye meza naye akajua tumebanwa, akadai fimbo ya vipande viwili, ya kufungua na kufunga kama za wachezaji wakubwa. Kiungo cha fimbo hizo kwa kawaida huwa na pini ya chuma au shaba. Nilikuwa na kipande kizuri cha shaba, nimekiweka chini ya kitanda. Kona alikuwa amekwisha kukiuza kwa watu wa skrapu. Ikabidi ulimi uwe wa mti wenyewe, nao ukatwe hesi.

Hapo ndipo kazi ilipo, ndugu yangu. Mvule ni fahari ya Busoga, nami nimeukerezea vitanda vya maharusi wengi, lakini nyuzi zake ni nene na zimepishana. Ukiukata meno madogo yanamomonyoka. Marekani hutumia mepo, mti wenye jani lile la bendera ya Kanada, kwa kuwa ni mgumu na nyuzi zake ni laini. Mimi nilikuwa na gogo la mpera, mti mgumu ulioshikana vizuri, nililokuwa nimelikausha taratibu darini. Mti mbichi haukatwi hesi. Ukikauka unasinyaa, na kiungo kinalegea.

Saizi ilichaguliwa na gereji iliyoniazima tapu, ile ya kukatia hesi ndani ya tundu: inchi 5/8, meno 11 kwa kila inchi. Tundu la kipande cha pili halikunisumbua. Ulimi ndio wenye maringo. Dai ya kukatia vyuma hesi haikati mti, inausukuma na kuuchana, na ncha za meno ndizo zinazoondoka kwanza kwa sababu hapo nyuzi ni fupi, hazina pa kushikilia. Kwa hiyo nikachukua bonge lingine la mpera, nikalitoboa na kulipitisha tapu ileile, nikalikata dirisha ubavuni na kuifunga ruta yenye ncha ya digrii 60. Unauingiza ulimi huku unauzungusha pole pole. Hesi ya tundu inauvuta, na ncha inayozunguka kwa kasi inakata. Kabla ya hapo unachonga mwisho wa ulimi kidogo uwe na mteremko, na unaacha mfereji kwenye bega ili meno yawe na pa kuishia.

Nikiwa katikati, stima ikakatika. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, liko palepale Jinja, lakini jirani wa jiko si lazima ale. Nikakaa kumsimulia Nabirye kwamba kabla Mwingereza Henry Maudslay hajaunda mashine yake ya kukatia hesi, karibu mwaka 1800, kila bolti ilikuwa na nati yake na haikuingia kwa nyingine. Nabirye akasema ndoa zilikuwa salama zaidi siku hizo, akaendelea kumenya ndizi.

Stima iliporudi, mkato wa kwanza uliacha meno yenye mapengo, kama inavyotokea. Dawa yake ni supaglu ile nyepesi kama maji: unayalowesha meno, inazama ndani ya nyuzi, unaiacha ikauke kabisa, kisha unapitisha mkato wa mwisho mwembamba sana. Meno yanatoka safi, yanang'aa. Hiyo ni kama hakuna anayeigusa supaglu wakati inakauka. Nyumbani kwangu Waiswa aliigusa, Tenywa akaja kumsaidia, na mapacha waliozaliwa mbalimbali wakawa wameunganika kwenye vidole. Refa aliamua kosa ni la baba. Asitoni ya kucha za mama yao na maji ya vuguvugu yenye sabuni viliwatenganisha, kwa yowe lililosikika hadi sokoni.

Mkato wa mwisho ulipotoka, nilifunga vipande viwili pamoja, na kiungo hukioni ila ukipitisha ukucha. Nikaiegemeza fimbo ukutani, nikaenda kuoga.

Mama mkwe alikuwa amekuja kuona wajukuu. Kimoyomoyo namwita Mkaguzi Mkuu. Hulala kwa dada yake, maana mila hairuhusu alale kwangu, lakini mchana jiko ni lake. Nilipotoka bafuni nikaona fimbo yangu iko mkononi mwake, anaijaribu uani. Kona alikuwa ameshamkatia ncha nyembamba kwa msumeno, kwa upendo wa mtoto kwa mama, ili iwe kimo chake.

Ungefanya nini? Mkwe hakaribiwi, hashikwi mkono, hata njiani unampisha mbali. Wazee husema anayevunja mwiko huo hushikwa na kutetemeka. Mimi nala kwa mikono isiyotetemeka. Nikajibanza nyuma ya mlango na taulo langu, nikamtuma Refa aeleze kwamba hiyo si bakora. Refa akarudi: "Jajja anasema ni nzuri, inaingia kwenye mfuko akipanda taksi." Akaondoka nayo kwenda Mbale kwa binti yake mwingine, kwa njia ya Tirinyi, vipande viwili ndani ya kikapu.

Baiskeli bado iko kwa mwenye meza, na Kona huenda kuitazama kila jioni. Ila jana mkwe alimpigia Nabirye simu. Wenzake wa kanisani wameiona bakora inayofunguka na wanataka zao, tena upesi, kabla ya Krismasi. Nabirye hakuniuliza, amekwisha kupokea malipo ya awali ya kuku wawili, na mmoja tulimla usiku uleule. Kona ndiye aliyekula paja.