Bingwa wa Sera

Mpwa wangu yuko Dar es Salaam siku hizi, anasomea sera ya afya. Ukimpigia simu kumjulia hali, shikamoo yenyewe inapita mbiombio, kisha unapelekwa Alma-Ata, mwaka 1978, mataifa yalikoahidi afya kwa wote ifikapo 2000. Hujapumua, uko Abuja, 2001, marais wanaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi za watu anazijua kwa tarehe. Yake kwa mwenye nyumba tu ndiyo humponyoka.

Insha yake kuhusu lishe bora aliiandikia kwenye kibanda cha chipsi: zege linaelea kwenye mafuta, kachumbari kaisukumia pembeni, soda ya pili inafunguliwa. Mazoezi? Anagombea mlango wa mwendokasi pale Kimara, yatosha.

Juzi tumbo likamkata. Akaenda duka la dawa, akanunua nusu dozi.

“Na bima, mjomba?” nikamuuliza.

Akanisomea uzuri wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, kifungu kwa kifungu, hadi salio langu likakata. Kadi hana. Bado anaifanyia uchambuzi.