Namna ya Kushindwa kwa Heshima Siku ya Kurusha Roketi

Kwanza tuelewane, ndugu yangu. Hakuna mtu anayeamka Jumamosi alfajiri, akapakia bomba la karatasi lenye mapezi ya mbao, akaendesha gari saa nzima hadi kwenye shamba la mahindi lililokwisha vunwa, eti kwa ajili ya sayansi. Anakwenda kuonekana. Na wewe unakwenda kuonekana, nami niko hapa kukusaidia.

Marekani vilabu vya roketi ndogo viko tele. Chama chao cha kitaifa, National Association of Rocketry, kipo tangu 1957, na kila klabu ina kiwanja chake na wazee wake wa viti vya kukunja. Shika hesabu moja tu: mota ya kawaida ya roketi hizi huwaka sekunde mbili hivi, mara nyingi pungufu, ilhali siku ya kurusha ni kutwa nzima. Zile sekunde mbili waachie mafundi. Kutwa iliyobaki ni maneno, na hiyo ndiyo fani yako.

1. Nunua umbo, usinunue mwendo.
Roketi nyembamba hupaa kama haikuwepo. Watu wanabaki wanaangalia moshi. Wewe chukua nene. Kampuni ya Estes imekuwa ikiuza moja iitwayo Big Bertha tangu miaka ya 1960, na sababu ni nyepesi: inapanda taratibu, kila mtu anaiona, na ubavuni mna nafasi ya kuandika jina lako kwa herufi kubwa. Ipake rangi mara tatu. Rangi ni uzito, ndiyo, lakini nani anapiga picha uzito?

Kama kuunda kunakuchosha, zipo zinazouzwa tayari zimeungwa. Bandua vibandiko vya dukani, kisha jipake rangi kidogo kwenye kucha na uache gundi ikaukie kwenye kidole gumba. Ukifika uwanjani, peana mikono na kila mtu.

2. Jifunze herufi na namba.
Kila mota imeandikwa kitu kama C6-5. Herufi ni jumla ya nguvu iliyomo: ukipanda herufi moja, kiwango cha juu kinakuwa maradufu. Namba ya kwanza ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. Ya mwisho ni sekunde zinazopita baada ya mota kumaliza kusukuma, kabla baruti kidogo ya mwisho haijalipuka na kutoa parachuti nje. Basi, elimu yenyewe imeishia hapo. Ukiulizwa umetumia nini, usijibu haraka. Tazama juu, guna, sema: “Nilikuja na saba, lakini kwa anga hii nimeshuka hadi tano.” Watatikisa vichwa. Wengine wataandika.

3. Meza ya ukaguzi.
Hapa yupo msimamizi wa usalama. Atatikisa mapezi yako, atavuta mota kuona kama imekaza, kisha atauliza swali lake analolipenda: je, pale roketi inapokaa mizani, pako mbele ya pale ambapo hewa inaisukuma, kwa umbali usiopungua upana wa bomba? Asipopata jibu, hakuna kuruka. Zamani mtu alifunga uzi pale kwenye mizani, akaizungusha roketi juu ya kichwa chake. Ikienda kwa pua, salama. Siku hizi kuna OpenRocket, programu ya bure inayokokotoa yote. Chapisha mchoro wake wa rangi, utie kwenye jalada la plastiki, ulibebe kwapani. Ni mchoro wa roketi gani, hilo halimhusu mtu.

Lakini msimamizi mwenyewe usimdanganye. Simaanishi maadili. Uongo wote ameshausikia, na nusu yake aliusema yeye akiwa kijana. Tena akiikataa roketi yako, mshukuru kimoyomoyo! Roketi iliyokataliwa haijawahi kuanguka. Utazunguka nayo kutwa ikiwa safi, inang'aa, ukiwasimulia watu jinsi ambavyo ingepaa kama si urasimu. Nimewaona watu waliojijengea jina la miaka mingi kwa roketi ambayo haijawahi kuonja moto.

4. Mfanye upepo mwenzako.
Kanuni inasema upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa, hakuna kurusha. Kwa hiyo mvivu ana mlinzi wa kisheria. Siku ikiwa shwari, zungumzia upepo wa juu. Upepo wa juu hauonekani na haupimwi na mtu aliyekalia kiti cha kukunja.

Ikibidi urushe, na roketi ikapinda kuelekea unakotoka upepo, usijikunje. Roketi yenye utulivu ndiyo hugeuka hivyo, na kadiri utulivu ulivyozidi ndivyo inavyopinda. Ni kweli kabisa, unaweza kuapa. Sema kwa unyenyekevu kwamba umeiunda vizuri kupita kiasi.

5. Tano, nne, tatu, mbili, moja, kimya.
Umati umehesabu nawe, umebonyeza, hakuna kitu. Kila mtu anakutazama. Furahi! Kanuni inakutaka utoe ufunguo wa usalama na usubiri sekunde 60 kabla mtu hajaisogelea. Watu wa usalama walidhani wanakukinga na moto. Kumbe wamekupa dakika nzima ya hotuba. Sababu, mara nyingi, ni kwamba kiwashio kimechomoka kwenye tundu la mota au vile vibanio viwili vya waya vimegusana, yaani kosa ni lako. Wewe itaje betri ya klabu. Ilaumu daima, kwa sauti ya huruma. Betri ya klabu haina mama wa kuitetea.

6. Ikiruka kwa bahati mbaya.
Hapo ndipo penye hatari, maana kinachopanda kina mashahidi. Kama ulisahau kutia zile karatasi zisizoshika moto kati ya mota na parachuti, parachuti itatoka imekunjamana kama bazoka iliyotafunwa, na roketi itashuka kwa pua. Ikikita ardhini, nenda taratibu, usikimbie. Piga goti kando yake, gusa udongo, sema “ndivyo nilivyodhani.” Hakuna atakayekuuliza ulidhani nini.

Ikiishia kusikotarajiwa, mtaje Goddard. Tarehe 16 Machi 1926, huko Auburn, Massachusetts, Robert Goddard alirusha roketi ya kwanza duniani iliyotumia fueli ya kimiminika. Ilikaa hewani sekunde mbili na nusu, ikapanda mita 12 na nusu, ikaenda kudondoka umbali wa mita 56, kwenye shamba la kabichi. Leo kuna kituo cha NASA chenye jina lake. Wewe je, umedondokea kwenye nini? Mabua ya mahindi? Uko karibu kabisa.

Lakini zawadi kubwa kuliko zote ni kupotea. Ikichukuliwa na upepo ikanasa kwenye nyaya za umeme, kanuni inakataza kabisa kuifuata, nawe tii kwa uchungu unaoonekana kwa mbali. Roketi iliyopotea haina kasoro na haina kipimo. Ulikuwa umeweka kifaa cha kupima kimo ndani yake? Bila shaka ulikuwa umeweka. Taja mita 287. Ukisema 300 watajua unabuni.

7. Kwa msomaji wetu aliye ughaibuni.
Utaulizwa kwenu wapi. Jibu: “Karibu na Malindi,” kisha nyamaza. Wakikodoa macho, waeleze polepole kwamba tarehe 12 Disemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini pwani ile, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei angani. Jukwaa lilikuwa la Waitalia na roketi ya Wamarekani, lakini wewe hukuulizwa hayo. Usidai ulikuwepo. Sema tu “kule kwetu”. Hata kama kwenu ni Bukoba, hakuna atakayechukua rula.

8. Jihadhari na watoto.
Adui yako wa kweli ana miaka kumi na mmoja. Roketi yake ameichora kwa kalamu za rangi, pezi moja limekaa upande, lakini alisoma maelekezo na kuyafuata. Itapanda wima, parachuti itafunguka, itatua hatua chache kutoka kwa mama yake. Wenzake wakubwa ndio balaa: tangu 2003 wanafunzi wa Marekani hushindana kurusha yai bichi na kulirudisha chini bila ufa, hadi kimo walichopangiwa. Watu wanaorudisha yai zima hawawezi kukuvumilia.

Usishindane nao. Mara tu roketi ya mtoto inapotua na makofi yanaanza, kuwa wa kwanza kumfikia. Muwekee mkono begani, sema kwa sauti ya kusikika hadi maegesho ya magari: “Umeona sasa nilichokuwa nakwambia?” Atashangaa, lakini watoto wana adabu, hatabisha. Kisha mpeleke mahali pa kupigia picha. Roketi ishike wewe.