Jicho la Dakani

Wazee waliojenga nyumba za mawe za Lamu walikuwa mahodari wa sitara, kwani mgeni aliyeingia dakani, hata mlango ukiwa wazi, hakuona ila ukuta wa tekani, akapiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa akarudi zake bila kinyongo. Sijui wangalinena nini lau wangalikiona kidude alichokipigilia juu ya mlango wangu binti yangu aliyeolewa Uingereza: kamera isiyozidi kifungo cha koti, yenye kuona, kusikia na, hili halikutajwa siku ya kupigiliwa, kusema.

Alasiri moja tulikuwa barazani, wazee watatu, kwa kahawa chungu na sahani ya halua ambayo daktari ameniharimishia, tukiidurusu kwa ikhlasi hali ya shemeji yangu na jahazi lake, nami nimekwisha kumega tonge, mara ukuta ukanena: "Shikamooni. Baba, hiyo ni ya pili. Na mjomba hakusema amelinunua jahazi, alisema amelikodi."

Mmoja wetu akaanza Ayatul Kursi, akiyakini kuwa ni jini. Wa pili, ambaye adabu ilimtangulia hofu, aliitika "Marahaba, mwanangu," akiuelekea ukuta.

Baadaye binti akanieleza kwa upole kwamba maneno yetu hayakai ndani ya kile kidude, bali hupaa kwa intaneti yakahifadhiwa katika kompyuta za kampuni, ng'ambo ya bahari. Yaani usengenyaji wetu una daftari, na malaika wa kushoto amepata msaidizi. Nikaikimbilia Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, nikakuta imeyasamehe mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani mwake. Huko kwa binti, mwaka 2021, hakimu wa Oxford aliamua kuwa mtu mmoja amevunja sheria kwa kamera za nyumbani kwake, na kilichomchukiza zaidi ni kule kunasa sauti za majirani. Nami naafikiana naye kabisa, maana jicho la mwanangu nalistahimili, sikio silimudu.

Aliyefaidika ni muuza kahawa. Siku hizi hanidai mimi. Husimama dakani, akautazama ukuta, akataja hesabu yangu kwa sauti, na kabla sijameza funda la mwisho simu yake imekwisha kulia, amelipwa kwa M-Pesa, halua ikiwa imetolewa katika hesabu.