Tuisifu Lafudhi ya Newcastle

Kiingereza cha watangazaji wa BBC kimeshapata wasifiaji wa kutosha. Mimi nasimama upande wa Geordie, lafudhi ya Newcastle, kandokando ya mto Tyne, ambayo mgeni mwenye shahada anaweza kutokwa jasho mbele yake akinunua mkate tu.

Haijali vyeti, na hilo pekee linastahili mnara. Ulifundishwa kwamba 'work' ni kazi na 'walk' ni kutembea, ukafaulu mtihani. Ukifika huko, mzee wa mjini anatamka 'work' jinsi ulivyozoea 'walk', kisha 'walk' yenyewe ameshaihamishia kwenye 'waak'. Kuna kichekesho cha zamani: daktari mgeni anamuuliza mgonjwa aliyeumia mguu kama anaweza kutembea. Mgonjwa anamaka: nifanye kazi vipi na hata kutembea siwezi! Vivyo hivyo 'shirt' husikika kama 'short', kwa hiyo ukiajiriwa duka la nguo, mzee ataomba shati nawe utamletea kaptula. Wapi pengine mshahara unakuja na burudani namna hii?

Halafu umri wake. Irabu ndefu za Kiingereza zilipohama, kuanzia karne ya 15, watu wa kusini waligeuza 'hus' kuwa 'haus'. Kaskazini u ilikataa kubanduka. Geordie wa jadi bado anasema 'hus', 'brun', 'dun', na klabu ya Newcastle United mashabiki wanaiita 'Toon', yaani mji. Basi anayechekwa kwa kukosea ndiye aliyeshika matamshi ya mababu. Anayemcheka ndiye aliyeharibu. Nyumbani kwake ni 'hyem', jirani kabisa na 'hjem' ya Wanorwe. Unajifunza lugha mbili kwa nauli moja.

Ukipanda juu kidogo, vijijini Northumberland, wazee walikuwa wakiitoa r kooni. Mwandishi Daniel Defoe aliishangaa katika karne ya 18. Mtu wa Lamu asingeshangaa: anayetamka ghali na ghorofa sawasawa ameshamaliza nusu ya somo. Kwa bahati mbaya r hiyo imekaribia kutoweka, na gh zetu zinabaki bila ajira.

Mwaka 2011 mwimbaji Cheryl Cole, mzaliwa wa Newcastle, alipoondolewa kwenye jopo la majaji wa The X Factor ya Marekani, magazeti yalidai lafudhi ilichangia. Hasara ni ya Wamarekani.

Mwanafunzi na aanze na vitu vya kila siku, asikimbilie hotuba. Aseme 'hus' mpaka majirani wazoee, aagize shati bila woga, ajifunze na 'wor', ambayo ni 'our' iliyovuliwa koti. Tahadhari ni moja tu: mwenyeji akikutajia 'wor lass', binti wetu, anamtaja mke wake, na huo wingi haukuhusu.