Nyasi na Mimi, Hasa Mimi

Wazee wangu wa Ayivu, akina mama, nanyi vijana mliokalia bodaboda kama viti vya enzi: tulieni. Mwembe huu umewapa kivuli wengi, lakini bingwa, ni leo.

Nimekuja kufundisha jinsi nyasi za malisho zinavyofukuza magugu. Kabla ya hapo, machache kuhusu mimi. Semina ya Entebbe ilikuwa ya siku mbili. Wenzangu walitoroka siku ya kwanza. Mimi nilikaa mpaka posho ikatoka. Cheti hiki hapa, kipitisheni. Aliyetoka kula samaki atazame tu.

Sasa adui. Mnaona kiua hiki cheupe kifuani pangu? Gugu karoti! Nililing'oa Busia kwa mikono mitupu, nikalivaa kwenye koti safari nzima hadi Arua, ili mlione kwa macho. Asili yake ni Amerika. Mche mmoja huzaa mbegu zaidi ya 10,000, nazo husafiri kwa magurudumu, kwa matope na kwa nguo za wasafiri wasiojua lolote. Ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu. Binadamu akilishika, huwashwa ngozi. Samahani, najikuna kwa sababu ya kola, ni mpya.

Nyasi hulishindaje? Swali dogo hilo. Zinaota upesi, zinafunika udongo, gugu linakosa mwanga na maji. Basi. Turudi kwenye cheti.

Mnasema mnataka mbegu? Ninazo! Basilisk, nyasi za Australia, zilizofunika mbuga za Brazil! Bei tutaongea pembeni. Mzee anauliza mbona zinafanana na zile za nyuma ya choo chake. Mzee wangu, heshima yako, lakini hizi ni za ng'ambo. Nawasomea karatasi yenyewe: "Mbegu za kwanza zilipelekwa Australia kutoka... Uganda, mwaka 1930." Ehe! Zilikwenda masomoni, zikarudi na shahada. Kama mimi, nilipotoka Entebbe.

Sharti ni moja: usiingize mifugo kabla nyasi hazijashika mizizi, na hata baadaye usizidishe. Mifugo ikizidi, nyasi hutafunwa hadi chini, gugu linabaki peke yake likitanua mabega. Shamba langu la mfano ni lile pale. Hapana, si lile la kijani. Hilo ni la mama huyu. Langu ni lile lenye kipara. Mbuzi wangu saba walipata dharura.

Maswali? Hakuna. Nilijua, nimeeleweka.

Nawe mama mwenye ufagio, asante kwa kufagia kila ninapokanyaga. Heshima hii sikuipata hata Entebbe. Ila huo moto uliouwasha ni wa nini, na mbona unaniomba koti?