Barua ya Wazi kwa Serikali Inayoshangazwa na Mvua

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,
Nairobi.

KUH: PONGEZI KWA KUSHANGAA

Mheshimiwa,

Nakupongeza wewe na waliokutangulia kwa kipaji adimu cha kushangazwa na jambo lile lile kila mwaka.

Kufikia mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa imetunyima maji. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa, Wakenya zaidi ya milioni 4 wakahitaji chakula cha msaada, na pakiti ya unga ya kilo 2 ikapita shilingi 200. Mkashangaa. Februari 2023 tukaitwa Nakuru kuiombea nchi mvua. Mungu si kiziwi. Oktoba, wataalamu wa hali ya anga walipokwisha kuonya juu ya El Niño, serikali ikatutangazia kwamba haiji tena. Novemba mafuriko yakaja, nadhani kwa kuwa hayakulisikia tangazo.

Mvua hiyo iliyakuta mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu yakivunwa. Ghala la serikali halipokei mahindi yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 13.5, na mkulima hana kikaushio. Ana turubai na ukingo wa barabara. Jua lisipotoka, punje huota kuvu na kuingia sumu ya aflatoksini. Karo ya Januari nayo haisubiri jua. Basi broka anafika na lori lake, anajitajia bei, anapakia. Ikifika Juni, aliyeuza gunia la kilo 90 yuko dukani akinunua unga kwa pakiti. Tofauti ya bei hizo mbili haikuletwa na mawingu.

Najua mlileta vikaushio vya kuhamishika. Sifa hiyo ni ya kweli: kila mkulima anayeviulizia huambiwa vimehamia kwingine.

Masika ya 2024 yakaua watu zaidi ya 200, yakazoa mashamba kando ya Mto Tana na kumwaga maji yote baharini. Kiangazi kikirudi, maji hayo hayo tutayatafuta kwa malori.

Kwa unyenyekevu napendekeza mvua zote zijisajili kwenye eCitizen, tovuti yenu ya huduma, zilipe ada na kunyesha kwa miadi. Zikikaidi, jaribuni njia ya kizamani: vikaushio vifike vijijini kabla ya mavuno, mabwawa yachimbwe ardhi ingali kavu, na kila utabiri utengewe fedha siku unapotolewa, badala ya kungoja helikopta za kukagua maafa.

Bajeti husomwa Juni. Mvua za vuli huanza Oktoba. Kati yake kuna miezi mitatu na zaidi, Mheshimiwa, na hiyo inatosha kwa serikali isiyotaka kushangaa tena.

Wako mtiifu,
Mla Ugali na Mlipa Kodi