Pompa ya Baba Mkwe

Nunua pikipiki mpya igome, Kindu nzima itakwambia uipeleke kwa fundi. Nunua bunduki mpya igome, Kindu nzima inageuka fundi. Baba mkwe wangu amejipatia kalibre 12 ya pompa, na karatasi zake zimegongwa mihuri mingi kuliko cheti changu cha ndoa. Tangu hapo sina Jumapili.

Inakwama. Ukivuta mkono wa pompa, ganda linang'ang'ania ndani ya mtutu, au linatoka nusu na kuizibia njia kartushi inayopanda. Mshauri wa kwanza alisema ni yale mafuta mazito ya kiwandani, yapanguswe. Kweli yalikuwepo, yakapanguswa. Wa pili akasema sasa imekauka, itiwe mafuta. Walitia mawese? Sikutaka kujua. Wa tatu, ambaye hajawahi kumiliki hata manati, aliuliza kama mwenye duka alisalimiwa vizuri siku ya kununua.

Mimi mkwe, nitasema nini? Akiniuliza, "Mkwe wangu, wewe uliyesoma, unaonaje?" najibu, "Baba, wewe ndiye unayejua," kisha nakuja kunung'unikia hapa.

Bunduki yenyewe haina kosa. Mmarekani John Moses Browning alibuni pompa iliyouzwa na Winchester mwaka 1893, ikaboreshwa mwaka 1897, na huko kwao mtu hununua kartushi kwa sanduku, zote za kiwanda kimoja. Hapa tunanunua moja moja. Hii imetoka Pointe-Noire ikapita mito na mikono isiyohesabika. Ile imejazwa upya na fundi wa kijijini kwa kipimo anachokijua yeye. Nyingine imekaa misimu miwili ya mvua chini ya kitanda cha mtu, kitako chake cha shaba kimeota ukijani. Ganda likishavimba kwa unyevu, haling'oki kirahisi. Bunduki ya mtutu mmoja, ile ya kukunja, haijali: unaikunja, unalichokoa ganda kwa kijiti, unaendelea na safari. Pompa haina mlango wa kijiti.

Tena pompa inataka ukali. Mkono uvutwe mpaka mwisho, kwa nguvu, na urudishwe vivyo hivyo. Baba mkwe, akikumbuka dola alizozitoa, anauvuta kama mtu anayefungua mlango usiku mtoto amelala. Nusu ya njia anasimama kusikiliza. Ganda litatokaje?

Na afadhali angekuwa anawinda mwenyewe. Kama wenye bunduki wengi hapa, anamkabidhi mwindaji, naye anapanda baiskeli kuelekea Lomami, nje ya mipaka ya hifadhi iliyoundwa mwaka 2016, baba mkwe anasisitiza sana hapo. Sheria ni ya zamani: kartushi moja, nyama moja. Umekosa, leta maelezo. Na maganda matupu yarudi, maana yatajazwa tena. Kwa mtutu mmoja unalitoa ganda kwa vidole, unalitia mfukoni. Pompa inalitema kichakani, gizani, na mtu mzima anatambaa na tochi kutafuta ganda huku nyama aliyemkosa ameshafika kijiji cha pili. Ikikwama, anavuta na kusukuma mpaka hata kartushi nzima zinaruka nje na kuzama matopeni. Hayo yote kwa ajili ya bomba la kubebea kartushi nyingi, ambalo halijawahi kujazwa, kwa sababu hakuna mwenye bunduki ninayemjua anayeweza kumpa mwindaji kartushi za kulijaza akalala usingizi.

Juzi mwindaji karudi na mboloko mmoja na hesabu pungufu. Kartushi moja, anaapa kwa mama yake, aliisukuma ndani ya bomba. Haikupanda, na hakuiona ikitoka. Bunduki ikaelekezwa shamba la mihogo, watu wote wakawekwa nyuma, bomba likafunguliwa. Tupu. Maneno yakawa mengi, mshauri wa tatu akarudi na suala lake la salamu, ndipo baba mkwe akaniletea daftari na kalamu, mimi niliyesoma. Kwenye "zilizopigwa" haiingii, kwenye "zilizorudi" haiingii. Nikaandika: "Iko njiani."

Akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia niweke na sahihi yangu.